Joto la Malindi silo linalokwamisha gemu yako

Msimu wa kaskazi Malindi hufukuta, na gemu ikianza kukwamakwama vijana hulaumu hali ya hewa: ati bila kiyoyozi kompyuta ya gemu haifai Pwani. Si kweli, na dhana hii inawatoa watu pesa bure.

Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa, yaani chipu inayofanya kazi za kompyuta, nayo hupanda takriban 10 hizo hizo. Basi chumba cha nyuzi 32 hakiwezi peke yake kuisukuma kutoka 70 hadi 100. Ikifika huko, joto limekosa pa kutokea: feni imejaa vumbi, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipozaji imekauka, au kipozaji hakikukazwa sawasawa. Hapo prosesa hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kikomo cha joto cha prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100. Prosesa nyingi za AMD za Ryzen 7000 ni 95, na hizo zimeundwa kufika huko zikilemewa, kwa hivyo usiogope namba tupu. Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi ya prosesa, huku unacheza, utazame kama kasi inashuka joto linapogusa kikomo.

Hewa ya chumvi nayo hula vyuma, kwa hivyo safisha mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Na kama joto ni 70 na gemu bado nzito? Mchawi yuko kwingine. Huenda kebo ya skrini imechomekwa kwenye ubao mkuu badala ya kadi ya michoro, ambayo ndiyo huchora gemu. Ihamishe kabla hujampigia fundi.