Tiba ya sonona kwa simu: kijana anahitaji mlango wa kufunga

Kijana akipokea simu yangu, kabla ya kumuuliza anaendeleaje, humuuliza yuko wapi na nani anamsikia. "Niko sebuleni, mama yupo jikoni," hunong'ona. Hapo najua siku hiyo nitaambulia "ndiyo", "hapana" na "kawaida tu".

Tiba ya mazungumzo kwa simu au video inafaa kwa sonona (ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha na hamu) isiyo kali, hasa kwa familia zinazokaa mbali na mtaalamu. Kazi ni ileile ya kliniki: takriban dakika 50 kwa wiki, tunalichambua wazo kama "mimi ni mzigo", kisha kijana anabaki na zoezi dogo. Dogo kweli: kurudi uwanjani mara moja, au kwenda kwa rafiki, na kuandika moyo ulikuwaje kabla na baada. Sonona humwambia mtu asubiri hamu irudi ndipo atoke. Sisi tunamtoa kwanza, hamu ije nyuma yake.

Tiba hii huharibiwa zaidi na masikio ya watu wa nyumbani kuliko kukosa bando. Anayelala chumba kimoja na wadogo zake na kutumia simu ya baba atasema nini? Basi tunapanga neno: akitaja "hesabu" ghafla, najua kuna mtu kaingia, tunahamia kwenye masomo. Wengine huenda chini ya mwembe na spika za masikioni. Redio ikiwashwa nje ya mlango nayo husaidia. Mzazi, mwachie saa hiyo, na akimaliza usimhoji wala usipekue meseji zake. Hatari ya uhai wake hatutakuficha, na kijana mwenyewe huambiwa hivyo siku ya kwanza.

Ndiyo maana mtaalamu makini huchukua mapema namba ya mzazi na mahali kijana alipo. Asiyeuliza hayo, mtilie shaka.

Wala msitafute machozi tu. Kwa vijana sonona mara nyingi huja kama hasira: anafoka kwa jambo dogo, halali vizuri, mpira alioupenda haumvutii tena, na hali hiyo imepita wiki mbili.

Anayezungumzia kufa, anayejidhuru, anayesikia sauti wasizosikia wengine au aliyeacha kula, asingojee simu ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani. Kwa ushauri, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.