Kabla hujampandisha, nionyeshe daftari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Fuoni aliniletea mbwa wake jike, Jemani shepadi wa miaka miwili, amenawiri, manyoya yanang'aa. Alitaka dawa ya minyoo tu, maana jike alikuwa karibu kuingia joto na dume ameshapatikana. Nikamuuliza dume gani. Akanitajia mbwa wa nyumba moja ya Chukwani ninayemjua vizuri, namchanja mwenyewe kila mwaka. Nikamuuliza, na huyu jike baba yake nani? Akanyamaza, akamtazama mbwa wake, kisha akasema polepole: "Daktari, nadhani ni yule yule."

Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba ni jambo la kuuliza. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale wanaonipigia simu baada ya uzazi wakitaka niwapime watoto. Watoto nawapima, lakini lile kubwa linakuwa limeshaamuliwa siku baba na mama walipokutanishwa.

Sisi tuko kisiwani. Mbwa wa mbegu za nje wameingia Unguja kwa meli, mmoja mmoja, na dume akisifiwa kwa kimo na kwa sauti, kila mwenye jike anamtaka. Miaka ikipita, ukifuatilia nasaba za mbwa walinzi wa mtaa mmoja unajikuta unarudi kwa babu yule yule. Mfugaji wa bara akitaka damu nyingine hupanda basi akaenda mkoa wa pili. Hapa kwetu baina ya damu na damu kuna bahari.

Hesabu yake ni hii. Kila mbwa ana nakala mbili za kila kinasaba, ile chembe ya urithi, moja ya baba na moja ya mama. Dume akizaa na binti yake, uwezekano wa mtoto kupata nakala mbili zilizo kitu kimoja, zote zimetoka kwa mzee mmoja, ni asilimia 25. Kaka na dada wa baba mmoja na mama mmoja ni hivyo hivyo. Waliochangia mzazi mmoja tu ni asilimia 12.5. Nikifika hapa huulizwa, na ni swali la haki, mbona sisi wenyewe twaoa watoto wa ami na wa mjomba na watoto wetu wazima. Watoto wa ami wakioana hesabu ni asilimia 6.25, robo ya ile ya baba na binti. Hata hiyo si bure ikirudiwa kizazi hadi kizazi. Lakini baba na binti ni jambo jengine kabisa, na kwa mbwa hakuna wa kulizuia ila mwenye mbwa.

Ubaya wa nakala mbili kufanana ni kwamba maradhi mengi ya kurithi hulala. Chukua ule ugonjwa wa uti wa mgongo kuchakaa, mielopathi, unaowapata khasa Jemani shepadi waliokula miaka. Chanzo chake kimehusishwa na kinasaba kiitwacho SOD1. Mwenye nakala moja mbovu kwa kawaida haumwi kitu: anakimbia, analinda, anazaa. Mwenye mbili ndiye yuko hatarini, na dalili humjia akiwa na miaka minane hivi au zaidi. Kwanza unasikia kucha za miguu ya nyuma zikikwaruza saruji. Halafu kiuno kinayumba. Mwisho hainuki. Dawa ya kuurudisha nyuma haipo, na kufika hapo mbwa ameshaacha watoto na wajukuu mji mzima.

Kipimo chake ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Kijiti chenye pamba unakisugua ndani ya shavu la mbwa, unakiacha kikauke, unakitia kwenye bahasha, unakituma maabara nje ya nchi. Jawabu ni moja kati ya tatu: safi, mbebaji yaani mwenye nakala moja mbovu, au mwenye nakala mbili mbovu. Mbebaji si wa kutupwa, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mbwa wazuri wakiachwa kwa woga. Mpe mwenzake aliye safi, na hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto ana uwezekano wa robo. Sasa mrudie yule dume wa Chukwani: kama ni mbebaji, kila binti yake ana uwezekano wa nusu kuwa kama yeye, hata mama awe safi. Kumrudisha binti huyo kwa baba yake ni kuyaita maradhi kwa jina.

Nyonga ni kesi nyengine, kwa sababu hazina kinasaba kimoja cha kupima. Ni vingi, na malezi yanachangia. Hapa nilipata kukosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa mwanzo kazini niliitwa kumtazama dume la Rotwaila kabla ya kupandishwa. Nikamtembeza uani, nikamshika mapaja, misuli mikavu kama kamba ya jahazi. Nikasema anafaa. Walizaliwa watoto wanane. Kufika miezi saba, watatu kati yao wakikimbia walirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama sungura, na mmoja akikaa chini kila baada ya hatua chache. Ndipo nikamrudia baba na kumpiga picha ya eksirei. Kichwa cha fupa la paja hutakiwa kikae ndani ya nyonga kama nyama ya nazi ndani ya kifuu. Chake kilikuwa nusu nje, pande zote mbili. Nguvu ya misuli ilificha yote. Yule mtoto aliyekuwa akikaa chini hakufikisha mwaka wa pili, na mimi ndiye niliyesema baba yake anafaa.

Basi picha ipigwe, dume na jike, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, chali, miguu ya nyuma imenyooshwa sawasawa, maana akijikaza picha inadanganya. Asipigwe chini ya mwaka mmoja. Marekani taasisi ya OFA, iliyoanza mwaka 1966 kwa kazi ya nyonga khasa, haitoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Na watoto wakizaliwa msiwalee juu ya vigae vinavyoteleza, wala msiwanenepeshe kwa fahari. Mtoto wa mbwa mkubwa akiwa mzito kabla ya mifupa kukomaa, nyonga dhaifu inazidi kuharibika.

Kwenye maradhi ya kuambukiza mambo ni ya haraka zaidi. Kupe wa rangi ya kahawia, yule tunayemkuta baina ya vidole na ndani ya masikio, hubeba erlikia na babesia, vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Jike anaweza kuwa na erlikia miezi mingi huku anakula vizuri, kisha mimba ikamwangusha. Kipimo cha erlikia ni tone la damu kwenye kibao kidogo, mfano wa kile cha malaria mnachokijua kituoni: mstari mmoja salama, miwili mgonjwa. Babesia naitafuta kwa hadubini. Brusela ya mbwa, ugonjwa wa bakteria, nayo lazima ipimwe kwa dume na jike, kwa sababu huenda kwa kupandana, hutoa mimba ikiwa imekaribia siku 45 hadi 55 kati ya zile 63, na inaweza kumwambukiza binaadamu anayeshika uchafu wa uzazi.

Wasasi wa vijiji vya kusini, wanaofuga mbwa wa kienyeji kwa kuwinda nguruwe wanaomaliza mihogo, wana tatizo lao. Mbwa wao damu imechanganyika, wagumu, maradhi ya kurithi ni nadra kwao. Lakini wanapandana ovyo, na kuna uvimbe unaohama kutoka mbwa hadi mbwa kwa tendo hilo, seli zenyewe za saratani zikihamia kwa mwengine. Utaona damu inadondoka sehemu za siri wakati jike hayuko kwenye joto, na ukifunua unakuta nyama nyekundu yenye vichwavichwa. Unatibika vizuri kwa sindano ya vinkristini kila wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita. Mleteni mapema, na msimruhusu apande mpaka nimwambie mwenyewe kapona.

Haya, watoto wamezaliwa. Kitu cha kwanza ninachomwomba mfugaji ni mizani ya jikoni na nyuzi za rangi. Kila mtoto avishwe uzi wake shingoni, uliolegea wa kupitisha kidole, na apimwe kila siku saa ile ile, iandikwe. Mtoto mzima hufika mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa kabla ya kutimiza siku kumi hivi. Mwaka jana nyumba moja ya Bububu walinipigia siku ya tatu: "Daktari, uzi wa kijani umesimama jana na leo." Mtoto huyo kwa macho alikuwa sawa na wenzake. Nilipokwenda nikamfungua kinywa, nikakuta kaakaa limepasuka, maziwa yanapitia puani. Mizani ilimwona kabla yetu.

Minyoo huanza kabla ya kuzaliwa, mabuu ya mnyoo mkubwa wa mviringo hupita kwenye kondo, na safura hupitia maziwa. Kwa hiyo dawa ni wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, pamoja na mama. Ile michirizi inayowasha miguuni kwa watoto wanaocheza peku mchangani mara nyingi ni mabuu ya safura hii hii ya mbwa. Kisha chanjo ya parvo, kirusi cha kuharisha damu, ya kwanza wiki ya sita au ya nane, irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Watu huniuliza kwa nini nyingi hivyo. Kinga aliyonyonya kwa mama huizuia chanjo isishike, na kila mtoto humwisha kwa siku yake. Hatujui siku hiyo, ndiyo maana tunarudia. Rotwaila wao parvo huwachukua vibaya zaidi, msiwacheleweshe.

Lililo gumu zaidi kwetu si chanjo. Ni mikono. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi ndipo anapojifunza kwamba binaadamu si adui. Asiposhikwa wakati huo, atakua anaogopa, na mbwa anayeogopa ndiye anayeng'ata mtoto wa skuli anayepita njia. Sisi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na watu wanawakwepa watoto hawa mpaka miezi minne ndipo wanawafunga mnyororo na kuwataka walinde. Sitoi fatwa, nina masheikh wangu. Ila mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na aliyeruhusiwa kufugwa ana haki ya kulelewa. Wateja wangu wenye dini yao wamepata njia: kanzu au kanga moja ya bandani isiyoingia ndani, glavu, vyombo vya mbwa mbali, ndoo ya maji na mchanga safi karibu na mlango wa banda kwa ajili ya kuosha mara saba. Dakika 15 asubuhi, 15 jioni. Tofauti inaonekana kabla ya mwezi kwisha. Na mtoto asitolewe kwa mama kabla ya wiki nane, hata mnunuzi awe amesimama mlangoni na fedha mkononi.

Kichaa cha mbwa nakitenga, kwa sababu ndicho kinachoua watu. Chanjo yake hutolewa mtoto akifika miezi mitatu. Wenzetu wa Pemba wametufundisha somo. Kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka walikimaliza kabisa kufika Mei 2014. Chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili mbali mbali, mlipuko ukaanza, na ukazimwa Oktoba 2018 baada ya chanjo kurudishwa kila shehia. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anayevushwa ndani ya kikapu bila karatasi, bandari ya Malindi au ya Mkoani, si siri ndogo ya mtu na rafiki yake.

Kijana wa Fuoni amerudi juzi. Ameleta daftari la skuli lenye kava la buluu, ukurasa wa kwanza ameandika jina la jike, la mama yake, na kwa kalamu nyekundu la baba yake, amelihakikisha kwa aliyemuuzia. Kibao cha erlikia kimetoka mstari mmoja. Nyonga tumepiga picha, ziko vizuri. Pamba ya shavuni tumeituma. Joto hili ataliacha lipite, jike atakaa ndani ya banda la matofali lenye mlango wa chuma wiki tatu kamili, na mimi namtafutia dume asiye wa nasaba hiyo. Yupo mmoja Mwera, aliletwa kutoka Arusha. Jumamosi nakwenda kumpima.