Je, wajua kwa nini nyanya inaweza kuchumwa kabla haijawa nyekundu?

Aliyeotesha nyanya nyumbani huamka na swali lile lile kila asubuhi: tunda hili lichumwe leo, au liachwe kidogo? Kwa miaka kadhaa nililijibu vibaya. Niliamini kwamba nyanya hupata utamu wake siku za mwisho, ikiwa imening'inia juani, na kwamba anayeichuma kabla haijawa nyekundu yote anajinyima. Nyingi zilipasuka baada ya mvua kubwa, na nyingine nilizikuta zimedonolewa na ndege siku moja tu kabla ya ile niliyopanga kuzichuma.

Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka. Nyanya za kusafirishwa mbali mara nyingi huchumwa zikiwa kijani ili zisipondeke njiani, kisha huivishwa ghalani kwa gesi, na nyingi kati yake hazina ladha. Tukizila, tunahitimisha kwamba kosa ni kuchuma mapema. Hapo tunachanganya mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri, yaani kupevuka na kuiva. Tunda lililopevuka limemaliza kukua, mbegu zake zimekomaa, na limeshapokea sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwenye mmea. Lililoiva limelainika, limegeuka rangi na kuanza kunukia. Nyanya changa ikichumwa haitakuwa tamu hata ikivundikwa mwezi mzima, ilhali iliyopevuka huiva hata ndani ya kabati lenye giza.

Tatizo ni kwamba zote mbili ni kijani na kwa nje hufanana. Ukizikata kwa kisu kikali utaona tofauti: katika nyanya changa kisu hupita katikati ya mbegu na kuzipasua, lakini katika iliyopevuka mbegu zimezungukwa na utelezi mzito, nazo huteleza pembeni na kukikwepa kisu. Bahati nzuri hatulazimiki kukata tunda ili kulijua. Kuiva huanzia ndani, kwenye utelezi huo, na dalili ya kwanza kujitokeza nje ni weupe hafifu unaoelekea uwaridi kwenye kitako, upande ulio mbali na kikonyo, mara nyingi ukiwa na umbo la nyota. Nyota hiyo ikionekana, nyanya imeshapevuka, na kazi ya kuiva imekwisha kuanza.

Kinachoiendesha kazi hiyo ni ethilini, gesi ambayo tunda hujitengenezea lenyewe. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba matunda huitoa, kwa kuchunguza hewa iliyotoka kwenye matofaa. Namna inavyofanya kazi inafanana na moto wa makaa. Kijiti cha kiberiti huwasha kaa moja, kaa hilo huwasha la jirani, na baada ya muda jiko zima linawaka bila kiberiti kuhitajika tena. Vivyo hivyo, ethilini kidogo huichochea nyama ya tunda kutengeneza ethilini zaidi, nayo huchochea nyingine. Nyanya yenye nyota ni jiko lililokwisha kushika moto, na kulitenga na mmea hakuuzimi. Ndiyo maana pia ndizi mbivu ikiwekwa pamoja na nyanya kwenye mfuko wa karatasi huziharakisha: ni kaa la moto lililoletwa kutoka jiko jingine.

Wapo wanaodai kwamba rangi ikianza tu, kikonyo huziba na tunda halipokei chochote tena. Huko ni kutia chumvi. Linaweza kuendelea kupata sukari kidogo, kwa hiyo ikiwa hakuna mvua, ndege wala wadudu, kuliacha siku chache zaidi kuna faida, ingawa kiasi chake hutegemea aina ya nyanya.

Jua kali, hata hivyo, si faida. Likopeni, ambayo ndiyo rangi nyekundu ya nyanya, hutengenezwa vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 25 za Selisiasi. Joto likidumu juu ya 30, utengenezaji wake hukwama, na tunda hubaki na rangi ya machungwa hata likiachwa kwenye mmea. Katika majira ya joto kali, basi, nyanya yenye nyota huiva vizuri zaidi ndani, kwenye kivuli, kuliko bustanini. Isiwekwe kwenye friji kabla haijaiva, kwa kuwa baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi hudhoofisha harufu yake.

Unapoichuma, weka kidole gumba kwenye kifundo cha kikonyo, kile kiungo kilichovimba kidogo juu ya tunda, kisha uinue na kupinda. Hukatika hapo hapo bila kuchana ngozi. Kwa aina zinazoiva zikiwa za njano au kijani, nyekundu haitakuja kamwe. Zibonyeze taratibu kwenye kitako, na zikianza kulegea, zichume.