Chuma kuzidi mwilini, na kile ambacho manjano hayawezi kutoa

"Manjano huondoa chuma kilichozidi mwilini." Sentensi hii inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba imethibitishwa, na wanaoipokea wengine ni watu wanaoumwa kweli. Tuelewane basi.

Chuma kuzidi mwilini ni hali ya madini ya chuma kurundikana kwenye ini, moyo na tezi kupita mahitaji ya mwili, hadi yanaanza kuviharibu viungo hivyo. Chanzo chake huwa ni kuongezewa damu mara nyingi, au kasoro ya kurithi inayoufanya utumbo ufyonze chuma kupita kiasi. Kasoro hiyo iko zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996.

Wala chuma kuzidi si "damu kuwa nyingi". Mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na upungufu wa damu na chuma tele kwa wakati mmoja: chembe zake nyekundu huvunjika upesi, anaongezewa damu, damu ile nayo inaisha, chuma chake kinabaki.

Kinabaki kwa sababu mwili hauna njia ya kukitoa. Figo hazikitoi kama zinavyotoa chumvi. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma. Kwa siku hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwenye chakula, na hupoteza kiasi kama hicho kwa seli za ngozi na utumbo zinazobanduka. Chupa moja ya damu huingiza miligramu 200 hadi 250 kwa mkupuo. Hicho ni chuma ambacho chakula kingechukua zaidi ya miezi mitatu kukileta.

Sasa manjano, au binzari kama wengine wanavyoyaita. Ndani yake mna kurkumini, inayoyapa rangi, na ni kweli kwamba kurkumini hushika chuma. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha hivyo. Lakini kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na sehemu kubwa ya inayomezwa haifiki kwenye damu, hutoka na choo. Kwa hiyo mahali inapokutana zaidi na chuma ni utumboni, kwenye chakula cha siku ile. Chai kali inayonywewa pamoja na chakula nayo hupunguza ufyonzaji wa chuma, na sijasikia mtu akisema chai inasafisha ini.

Kuzuia chuma kipya kisiingie ni jambo moja. Kutoa kilichokwisha kujaa kwenye ini ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2019 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa aliyepungukiwa chuma baada ya kumeza vidonge vya manjano vya dozi kubwa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Taarifa kama hiyo ni ya kuwaonya wenye chuma kidogo, wajawazito hasa. Haituambii kwamba chuma kilichojaa kwenye ini kitapungua.

Kinachotoa chuma kinajulikana. Mwenye damu ya kutosha hutolewa damu: karibu nusu lita huondoka na miligramu zilezile 200 hadi 250. Asiye na damu ya kutosha hupewa dawa zinazoshika chuma hadi kitoke kwa mkojo au choo: deferoksamini kwa sindano, deferasiroksi kwa vidonge. Mzazi anayeziacha dawa hizo akashika manjano anaacha chuma kiendelee kurundikana kwenye moyo wa mwanawe, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Isitoshe, vidonge vya manjano vyenyewe vimehusishwa na madhara ya ini, Italia na Marekani, na ini ndilo chuma kinachoanza kulitesa.

Manjano ya mchuzini hayana ubaya, tuendelee kuyatia. Anayependa kuandika kuhusu faida zake aandike kwamba yakitumiwa kwa wingi yanaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula. Na akiulizwa na mtu anayeongezewa damu mara kwa mara, amshauri aulizie kliniki kipimo cha feritini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, na amtajie daktari vidonge vyovyote anavyotumia.