Madigadi ya Bedford inatoka kwa nyundo ya mbao, acheni kutishana

Lori nyingi za zamani zimeishia kwenye vyuma chakavu kwa sababu ya kauli moja tu, "hiyo bodi ni ya kiwandani, bila presi huipati". Sasa chukua Bedford J, ile ya boneti mbele iliyoanza kutoka Uingereza 1958. Kweli madigadi zake zilibonyezwa na presi, yaani mashine ya kubonyeza bati, lakini wale walikuwa wanataka maelfu, we unataka mbili. Mbili zinatoka kwa gogo lenye shimo (hata kinu kilichopasuka kinafaa, ila omba ruhusa jikoni kwanza), mfuko wa turubai ulioshindiliwa mchanga, nyundo ya mbao ya kichwa mviringo na kipande cha chuma kizito chenye uso laini cha kukingia kwa nyuma. Na hulazimiki kuitoa yote kwenye bati moja, unachukua vipimo kwa karatasi ngumu ya boksi upande uliobaki mzima, unaigeuza ipate upande wa pili, unagawa vipande vitatu vinne afu unakuja kuunga.

Lingine ni hili la nguvu. Watu wakiona fundi ana mikono minene wanadhani ndo siri yenyewe, wakati bati lina tabia mbili tu, linatanuka au linajikusanya. Ukiligonga katikati juu ya mchanga linatanuka, linakuwa jembamba, linaingia ndani kama bakuli, na wengi wanaishia hapo, wanatanua na kutanua mpaka linapasuka halafu wanasema bati baya. Umbo lingine linatoka pembeni bana! Unaukunja ukingo marinda kama fundi cherehani anavyokusanya bega la gauni, afu unagonga kila rinda lijimeze lenyewe bila kulaliana, hapo bati linanenepa na ukingo unafupika. Likianza kugoma ujue limekuwa gumu kwa vipigo, usiende kutafuta nyundo kubwa zaidi, lipashe moto mpaka liwe jekundu uliache lipoe lenyewe, litalainika.

Kuna na ile sehemu ukibonyeza inasema "tup", ukiachia "tup" tena. Watu wanaiita bonde wanaanza kuipiga toka ndani, kumbe hapo bati limezidi, halina pa kukaa, na kila unavyopiga unaongeza. Pasha doa dogo la ukubwa wa sarafu mpaka liwe jekundu, gonga taratibu kuzunguka lile doa, bandika kitambaa kilicholowa. Linajivuta lenyewe unaona kwa macho.

Ati bati ni bati? Hapana. La kuezekea ni geji 28 au 30, yaani milimita 0.3 mpaka 0.4 hivi, moto wa weldingi unalitoboa kabla hujakaa sawa. Kwa lori tafuta bati jeusi, lile lisilopakwa zinki, geji 18, milimita 1.2 hivi. Bati la pipa kwa unene linafaa, ila pipa lililobeba petroli usiliguse na gesi wala grainda kwa kusema liko tupu, mvuke uliobaki ndani ndo unaolipuka. Na hilo la kuezekea limepakwa zinki, ukilichoma ule moshi mweupe unaweza kukulaza usiku na homa na baridi, kesho yake uko gereji na pakiti ya maziwa mkononi kwa sababu mafundi wote wanasema maziwa yanaosha. Moshi umeingia kwenye mapafu, maziwa yanaenda tumboni, vitakutana wapi? Kwangua zinki kwanza, fanyia kazi penye upepo na uvae barakoa ya mafundi, sio ile ya kitambaa.

Kuunga nako usivute mstari mmoja mrefu ukidhani ndo uimara. Bandika vidoa kwa kurukaruka, huku kimoja kule kimoja, maana weldingi ikipoa inajikunja na inavuta bati lote. Ya gesi inabaki laini kwa hiyo unaweza kuigonga ikarudi, ya umeme ni ngumu, inakupa kazi.

Pati sasa, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi. Milimita moja mbili za kumalizia sawa, sio kujengea shavu la lori, barabara zetu zitalitikisa mpaka lidondoke vipande. Mlango wa lori langu nilivyoupasua nilikuta tundu la kutu limezibwa na gazeti, juu pati, juu rangi, na lile gazeti kurasa za michezo bado zinasomeka.