"Fundi, Nitafutie Ampu ya Omu 300"

Nimeisikia tena Jumamosi, na nikajikuta nimeitua bisibisi mezani kwa kishindo. Kijana mwenyewe mstaarabu tu. Kanunua Sennheiser HD 650 kwa jasho lake, na aliyemuuzia kamtia hofu: hedifoni ya omu 300 simu haiiwezi, laptopu haiiwezi, bila ampu, yaani kikuza sauti, nzito kama tofali ni sawa na kutupa hela. Alikuwa anafikiria kukopa. Nikatoa adapta ya Apple ya USB-C, kile kijikebo chenye tundu la hedifoni, nikaichomeka kwenye simu yake, nikamvalisha. Haikupita dakika akaipunguza sauti mwenyewe.

Omu si kipimo cha ugumu wa kuisukuma hedifoni. Omu inakwambia koili imesukwa vipi: waya mwembamba wa mizunguko mingi hutoa omu nyingi, waya mnene wa mizunguko michache hutoa omu chache. Beyerdynamic wanauza DT 770 Pro ya omu 32, ya 80 na ya 250. Ya 250 inataka volti nyingi na mkondo mdogo, ya 32 kinyume chake, ila nguvu ya kufikia sauti ileile haipishani kiasi cha kukukosesha usingizi. Ugumu unasemwa na unyeti, ile namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, na hakuna anayeisoma.

Tupige hesabu, maana maneno nimechoka. HD 650 hutoa desibeli 103 ikipewa volti 1. Tuseme tunataka vilele vya desibeli 110, yaani mpigo wa ngoma unaokushtua, si sauti ya kusikiliza mchana kutwa. Hapo inataka volti 2.2 hivi. Zidisha volti kwa volti, gawa kwa 300: hata miliwati 17 hazijafika. Sasa chukua HiFiMAN Susvara, omu 60, desibeli 83 kwa miliwati 1. Kufika 110 ileile inadai miliwati 500, volti 5.5, mkondo wa miliampea 90 hivi. Omu zake ni moja ya tano, ulaji wake ni mara thelathini. Nina mteja aliyerudi nayo kutoka Muscat akaichomeka kwenye adapta kama ile ya Jumamosi, kisha akaniletea akilalamika kuwa imepoa, haina uhai. "Omu sitini tu, fundi, hii si nyepesi?" Huyo ndiye anayehitaji tofali.

Kwa hiyo ukija kwangu, lete omu na unyeti vyote viwili, na utazame kama desibeli zimetajwa kwa miliwati au kwa volti, maana viwanda havina lugha moja na ukizichanganya hesabu yote inaharibika. Tangazo la ampu likisema wati 3, uliza kwenye omu ngapi. Wati 3 za omu 32 zikifika kwenye omu 300 hubaki kama miliwati 320, kwa kuwa volti za ampu hazikuongezeka. Kwa HD 650 hizo bado ni karibu mara ishirini ya mahitaji.

Mahali omu zinapostahili kuulizwa, hakuna anayeuliza: upande wa kutolea wa ampu yenyewe. Baadhi ya ampu za taa, zile zenye vali za kioo zinazowaka, zina omu mia na zaidi pale. Omu za HD 650 hupanda kuelekea 500 kwenye besi, kwa hiyo ampu ya aina hiyo huinyanyua besi kwa kama desibeli moja, na watu husema taa zina "joto". Si joto, ni mgawanyo wa volti. Kama unaipenda ladha hiyo, nunua, sikukatazi. Usiyetaka ladha, omu za ampu zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni.

Mengine nitayapita haraka.

Kuna wanaoamini DAC ya bei, kile kigeuzi cha faili la muziki kuwa umeme, ndiyo inayoleta besi nene. DAC kazi yake ni kutoa volti zinazolingana na faili, na za bei nafuu za leo nyingi zinaifanya vizuri kuliko masikio yetu yanavyoweza kukosoa. Mteja mmoja alileta mbili, akaapa ya ghali ina nafasi zaidi. Nikapiga toni ya hezi 1,000, nikaweka mita: moja volti 2.0, nyingine 2.3. Hiyo ni zaidi ya desibeli moja ya sauti. Nilipozisawazisha na kumficha ipi ni ipi, alikaa kimya muda mrefu sana. Na wale wa "chipu ya ESS ni kali, ya AKM ni laini", wakitaja watengenezaji wawili wa chipu za DAC: kiwanda cha AKM kilipoungua huko Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, makampuni kadhaa yalilazimika kubadili chipu. Dunia haikugeuka kali.

Na faili za "ubora wa juu", biti 24 na kHz 192? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo sauti ya ubora wa juu ilipitishwa kwenye kiwango cha CD, biti 16 na kHz 44.1, kisha wasikilizaji wakaulizwa ipi ni ipi. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Rusha shilingi utapata hivyohivyo.

Pini ya milimita 4.4, ile ya "balanced", hukupa volti zaidi, basi. Kama nguvu ulikuwa nazo tayari, umenunua pini.

Na kabla hujanunua chochote, shika sponji za masikio. Kwa jasho la Dar zinalala na kugandamana, na sponji zilizolala hubadilisha sauti kuliko DAC yoyote niliyowahi kupima. Nusu ya "ampu yangu imechoka" ninazoletewa huishia kwenye sponji mpya.

La mwisho ni la umeme. Ampu iliyonunuliwa Marekani geuza utazame nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, bila swichi ya kuchagua, kubadilisha plagi hakusaidii kitu, sisi tuna 230. Chini ya meza yangu iko moja, nzuri, ya aluminiamu, na ukiifungua bado inanuka transfoma iliyoungua. Mwenyewe hupiga simu kila mwezi kuuliza kama spea imepatikana.