Midnight Commander: yanayosemwa na yalivyo

Midnight Commander, ambayo kwenye terminali unaiita kwa herufi mbili tu, `mc`, ni programu ya kusimamia faili: paneli mbili za folda zinazokaa juu ya mstari wa amri. Miguel de Icaza wa Mexico aliianza mwaka 1994 kwa kuiga Norton Commander, programu ya faili ya enzi za DOS. Kuisakinisha ni kazi ya dakika moja: `sudo apt install mc` kwenye Debian na Ubuntu, `sudo dnf install mc` kwenye Fedora, `pkg install mc` kwenye Termux, programu ya terminali ya simu ya Android. Shida huja baadaye. Aliyezoea madirisha na kipanya huona paneli, fremu na vitufe vya "Yes" na "No", akadhani na kinga za madirisha zimo. Hazimo.

"Hii ni ya wasiojua amri"

Chini ya paneli kuna sheli yako halisi, yaani programu inayopokea amri zako, inayoendelea kufanya kazi. Andika `grep -r bandari .` bila kutoka popote, gonga Enter, kisha Ctrl-O: paneli zinajificha na matokeo yanaonekana. Ctrl-O tena, zinarudi. Ukihama folda kwenye paneli, sheli inahama nawe. Alt-Enter inadondosha jina la faili lililo chini ya kishale kwenye mstari wa amri, na hapo ndipo wajuzi wa amri wanapoipendea mc: jina refu lenye nafasi na mabano huandikwi tena kwa mkono.

Kosa la kawaida ni kubonyeza Ctrl-O, kusahau kwamba mc bado ipo nyuma, kisha kuandika `mc` upya. Matoleo ya kawaida yatakuonya kuwa tayari inaendeshwa kwenye terminali hiyo hiyo. Usiendelee. Ctrl-O inatosha.

"F10 haifanyi kazi, programu ni mbovu"

F10, kitufe cha kutoka, haijafika kwenye mc. Imenaswa njiani na GNOME Terminal, terminali ya eneo-kazi la GNOME, ambayo huitumia kufungua menyu yake. (Aliyeanzisha mc ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa GNOME mwaka 1997. Ndugu wawili wanagombania kitufe kimoja.) Kwenye mapendeleo ya GNOME Terminal, sehemu ya jumla, ondoa alama kwenye kipengele kinachoiwezesha F10 kufungua menyu.

Hata bila kubadili chochote, Esc kisha tarakimu ni sawa na kitufe cha F: Esc na 5 ni F5, Esc na 0 ni F10. Kwenye Termux, shikilia kitufe cha kuongeza sauti na ubonyeze tarakimu.

"F8 inapeleka faili kwenye pipa la taka"

Hapa ndipo kilio kilipo. F8 inafuta moja kwa moja. Hakuna pipa, hakuna kutengua, na Ctrl-Z haitakusaidia.

Mambo matatu yanafanya kosa liwe rahisi. La kwanza: ukiwa umeweka alama kwenye faili, F8 inashughulikia zenye alama, si ile iliyo chini ya kishale. Ulibonyeza Insert kwenye faili nne robo saa iliyopita, ukashuka chini hadi hazionekani tena, sasa unataka kufuta moja iliyo mbele ya macho yako. Zitakwenda zile nne, na hii itabaki. Kabla ya F8 tazama ukingo wa chini wa paneli: kama kuna alama, pale huandikwa jumla ya baiti na idadi ya faili. Kisanduku cha kuthibitisha nacho hutaja idadi badala ya jina. Kisome.

La pili: kwa kawaida kishale cha kisanduku hicho husimama kwenye "Yes", kwa hiyo F8 ikifuatwa na Enter ya haraka imemaliza kazi. Bonyeza F9, nenda Options, kisha Configuration, uweke alama kwenye "Safe delete". Tangu hapo chaguo la kwanza ni "No". Hiki ni kipengele ambacho kingepaswa kuwashwa tangu mwanzo, lakini hakijawashwa.

La tatu: kitufe cha + kinafungua kisanduku cha kuchagua kwa mchoro wa jina, na mchoro uliomo mara nyingi ni nyota tupu, yaani faili zote. Andika unachotaka, mfano `*.log`, ndipo ugonge Enter. Kubatilisha uchaguzi tumia alama ya kutoa.

Anayetaka pipa anaweza kulitengeneza. F9, Command, "Edit menu file", chagua la mtumiaji ("User"), uongeze mistari hii miwili:

```
t       Peleka kwenye pipa la taka
        gio trash %s
```

Mstari wa pili lazima uanze kwa nafasi au Tab. Baadaye F2, inayofungua menyu hiyo, kisha t itapeleka faili zilizochaguliwa kwenye pipa la kompyuta, mradi amri ya `gio` ipo kwenye mfumo wako.

"F6 ni salama kwa sababu inahamisha tu"

Ndani ya diski moja, au tuseme ndani ya kizigeu (sehemu ya diski) kimoja, F6 hubadilisha jina tu: GB 40 zinahama papo hapo. Kutoka diski hadi flashi ni habari nyingine. mc inanakili kwanza, kisha inafuta chanzo. Umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na vipande pande zote mbili bila kujua kipi ni kizima.

Kwa data yenye thamani tumia F5 (kunakili), linganisha, halafu ndipo ufute. Ctrl-X kisha D hulinganisha paneli mbili, na chaguo la "Thorough" husoma yaliyomo badala ya kuangalia ukubwa na tarehe. Lakini ulinganishaji huo hauingii kwenye folda za ndani. Kwa mti mzima wa folda andika `diff -rq folda1 folda2` pale pale chini. Ikinyamaza, hakuna tofauti.

"Ikifika 100% chomoa flashi"

Asilimia mia maana yake mc imemaliza kukabidhi data kwa kiini (kernel) cha Linux. Sehemu kubwa inaweza kuwa bado imekaa kwenye RAM ikisubiri kuandikwa, na flashi za bei rahisi huandika polepole mno. Andika `sync` usubiri mstari wa amri urudi. Ukitaka kuona kinachosubiri, `grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo` itakuonyesha kwa kilobaiti. Kisha itenganishe flashi kwa `umount`. Ukiambiwa "target is busy", mara nyingi ni wewe mwenyewe: paneli au sheli yako bado imesimama ndani ya flashi. Rudi folda ya nyumbani ujaribu tena.

Faili la GiB 4 (takriban GB 4.3) au zaidi likigoma kwa ujumbe wa "File too large" ilhali flashi ina nafasi tele, flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GiB 4. Tatizo haliko kwenye mc.

"sudo mc inamaliza matatizo yote ya ruhusa"

Inayamaliza kwa kuanzisha mengine. Kila unachounda kinakuwa mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na kesho huwezi kukihariri kwa akaunti yako. Sheli iliyo chini nayo ni ya root, kwa hiyo hata `rm` iliyokosewa herufi moja haizuiwi na yeyote. Pale sudo inapobakiza HOME yako (folda yako ya nyumbani), mipangilio iliyomo `~/.config/mc` inaweza kuishia mikononi mwa root, na mc yako ya kawaida ikaacha kuhifadhi mabadiliko. Dawa ni kurudisha umiliki: `sudo chown -R $USER: ~/.config/mc`.

Kuna na ujumbe wa "Cannot chown target file" wakati wa kunakili kwenda flashi ya FAT32. FAT haina wazo la mmiliki wa faili. Mc ikiwa root inajaribu kumwandika mmiliki, inakataliwa. Kwenye kisanduku cha F5 ondoa alama ya "Preserve attributes". Kama haja yako ni kuhariri faili moja la mfumo, `sudoedit /etc/fstab` inatosha.

"Folda hii ina 4096 tu, haina kitu"

Hiyo ni nafasi inayochukuliwa na orodha ya folda yenyewe kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux. Ctrl-Space juu ya folda inahesabu yaliyomo. Ukisimama kwenye nukta mbili za juu (`..`), inahesabu folda zote za paneli.

"Kuunganisha seva kwenye paneli ni sawa na kufanya kazi ndani ya seva"

Ukiandika `cd sh://jina@seva/`, paneli moja inakuwa seva, na kinachohitajika upande wa pili ni SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, pamoja na zana za kawaida. Ni njia nzuri ya kuvuta faili chache. Lakini F3 (kutazama) kwenye logi la GB 3 italishusha lote kwenye kompyuta yako kabla ya kukuonyesha mstari wa kwanza. Kunakili GB 2 kutoka folda moja ya seva hadi nyingine kunazipitisha kwako, kwenda na kurudi. Bando la intaneti huisha hivyo.

Kwa kazi ya ndani ya seva, ingia kwa `ssh` na uendeshe mc iliyopo kule. Kinachosafiri hapo ni maandishi ya skrini tu, kwa hiyo hata mtandao dhaifu unatosha. Anza na `tmux`, inayoiweka hai sheli ya seva hata ukikatika, ndipo mc: bila hivyo, muunganisho ukikatika kunakili nako kunaweza kukatika. Ukirudi, `tmux attach` inakukuta ulipoishia.

Kumbukumbu za tar, yaani faili zinazofunga faili nyingi pamoja, nazo hufunguka kwa Enter kama folda, ila ni za kusoma na kutoa tu. Usijaribu kuweka faili ndani. Na `.tar.gz` kubwa itachelewa kufunguka, kwani lazima ifumuliwe kwanza.

"Ukitoka, sheli inakurudisha ulikoanzia, hakuna namna"

Namna ipo. Weka mstari huu kwenye `~/.bashrc`, faili la mipangilio ya sheli yako, kwa Debian na Ubuntu:

`alias mc='. /usr/lib/mc/mc-wrapper.sh'`

Nukta ya mwanzo na nafasi inayoifuata ni lazima, kwa kuwa ndizo zinazofanya hati (script) iendeshwe ndani ya sheli yako. Kwenye Fedora hati hiyo iko `/usr/libexec/mc/`. Fungua terminali mpya, ingia mc, nenda `/var/log`, bonyeza F10, kisha `pwd`.